Mlango Uliokataa: Juu ya Ushahidi wa Mlinzi Aliyefungiwa Nje

Swali la iwapo kutokiona kitu kunatosha kuwa ushahidi kwamba kitu hicho hakipo limewashughulisha wanazuoni wa dini na wa falsafa kwa zaidi ya miaka elfu moja, na siku hizi limezuka upya mahali ambapo wengi wasingelitarajia, yaani katika kazi ya fundi wa kompyuta anayetafuta sababu ya programu ya ufuatiliaji kukataliwa kuingia katika hifadhidata. Hifadhidata ni ghala la kumbukumbu zilizopangwa kwa utaratibu unaowezesha kuzipata upesi, kama vile akaunti za wanachama wa sacco au majalada ya wagonjwa wa zahanati. Seva ni kompyuta inayolitunza ghala hilo na kuwajibu wanaoliulizia kupitia mtandao. Na programu ya ufuatiliaji ni mlinzi asiyelala, ambaye kila baada ya muda mfupi huiuliza seva iwapo ingali hai, imebeba mzigo kiasi gani, na imebakiwa na nafasi kiasi gani, kisha humwamsha fundi pale jibu linapokuwa baya au linapokosekana. Ili aweze kuuliza, mlinzi huyo hupewa jina la mtumiaji pamoja na nywila, ambayo ni neno la siri la kulithibitisha jina hilo. Jina na nywila visipolingana na vile seva inavyovijua, mlango hufungwa, na hapo ndipo swali la kale linapoanza, kwa sababu mlinzi aliyefungiwa nje bado anatakiwa kutoa taarifa juu ya yaliyomo ndani.

Hifadhidata ya MySQL, iliyoanza kutumika mwaka 1995, huja na amri ndogo ya kuulizia uhai wa seva, iitwayo mysqladmin ping. Nyaraka zake zinaeleza kwamba amri hiyo hutoa ishara ya salama maadamu seva inafanya kazi, na zinaongeza jambo ambalo mwanafalsafa angelipigia mstari: ishara hiyo ya salama hutolewa hata pale muulizaji anapokataliwa kwa kukosa kibali, kwa hoja kwamba seva iliyomkataa mtu ni seva iliyo hai, na hali hiyo si sawa na ya seva iliyozimika. Zabbix, programu ya ufuatiliaji iliyobuniwa na Alexei Vladishev wa Latvia na kutolewa kwa umma mwaka 2001, ina wakala wa kizazi cha pili ambaye naye huuliza swali lilelile kuhusu MySQL, lakini nyaraka zake zinasema kwamba jibu huwa ni kiungo kilichovunjika panapotokea kosa lolote, yakiwemo makosa ya kuthibitisha utambulisho. Tukio ni moja, mlango ni mmoja, neno lililokataliwa ni moja, na hata hivyo shahidi wa kwanza anashuhudia uhai ilhali wa pili anashuhudia mvunjiko.

Ni rahisi kuamua kwamba mmojawapo amekosea, lakini uamuzi huo ungekuwa wa haraka mno. Wakala wa Zabbix anazungumzia kiungo, yaani uhusiano baina yake na seva, na kuhusu uhusiano huo anasema kweli, kwani hakika umevunjika; amri ya MySQL inazungumzia seva yenyewe, na kuhusu seva nayo inasema kweli. Uongo huingia baadaye, pale mwanadamu aliyepanga tahadhari anapoichukua ile taarifa ya kiungo kuvunjika na kuiandikia kichwa kinachosema kwamba huduma imekufa. Hatua hii ya kutoka katika «sikuweza kuingia» hadi «ndani hamna uhai» ni fupi kiasi cha kutoonekana, lakini madhara yake si madogo, kwa kuwa fundi aliyeamshwa usiku na taarifa ya kifo hushawishika kuizima seva na kuiwasha upya, na kwa kitendo hicho huua kweli kitu kilichokuwa hai, akiwakatia katikati ya shughuli watu ambao wakati huo seva ilikuwa ikiwahudumia bila kasoro yoyote. Ushahidi usio sahihi haukuishia kuwa maneno, ulitenda. Ndiyo maana suala la nywila iliyokosewa, ambalo kwa mtazamo wa juujuu ni la kiufundi tu, linastahili kujadiliwa kama suala la maadili ya ushahidi.

Mafundisho ya Kiislamu juu ya kubisha hodi yanalimulika jambo hili kwa namna ya ajabu. Sura ya 24 ya Qurani, inayoitwa An-Nur, inawaagiza waumini katika aya ya 27 na ya 28 wasiingie nyumba za wengine bila kuomba ruhusa na kutoa salamu. Kisha inazitenga hali mbili, ya kwanza ikiwa ni ya mtu ambaye hakumpata yeyote ndani, na ya pili ikiwa ni ya mtu aliyeambiwa arudi. Inafaa kuzingatiwa kwamba hali ya kwanza imeelezwa kwa upande wa mbishaji, yaani yeye hakupata mtu, na haikudaiwa kwamba nyumba ni tupu. Tofauti hiyo inapata mwili katika kisa cha Abu Musa al-Ashari, kilichopokewa katika vitabu vya hadithi, ambaye alibisha hodi mara tatu mlangoni kwa khalifa Umar, asijibiwe, akaondoka. Umar alikuwemo ndani, ameshughulika. Alipomuuliza Abu Musa kwa nini aliondoka, na kuambiwa kwamba Mtume aliagiza hivyo kwa mtu asiyejibiwa baada ya hodi ya tatu, Umar alidai aletwe shahidi mwingine wa agizo hilo, na Abu Said al-Khudri akasimama kushuhudia. Kimya cha Umar hakikuwa kutokuwepo, na Abu Musa, ambaye alikuwa na adabu ya elimu, hakwenda kuwatangazia watu kwamba khalifa hayumo, alirudi tu.

Mtandao wa kompyuta nao una vimya vyake, na fundi mzuri huvitambua kama mpishi anavyotambua harufu. Kuna ombi linalopotea bila jibu lolote hadi muda wa kungoja uishe, na hilo laweza kutokana na seva iliyozidiwa, ukuta wa ulinzi uliolimeza ombi njiani, au waya uliokatika. Kuna jibu la papo hapo kwamba katika anwani hiyo hakuna programu inayopokea wageni, ambalo ni jibu la kompyuta iliyo hai kuhusu huduma isiyoendeshwa. Na kuna jibu la hifadhidata yenyewe, ambalo MySQL hulipa namba 1045, likisema kwamba mtumiaji wa jina fulani kutoka mahali fulani amenyimwa ruhusa, na likitaja hata iwapo alileta nywila au alikuja mikono mitupu. Hili la tatu, ambalo wanaoanza kazi huliogopa kuliko yote, ndilo lenye habari njema zaidi ndani yake, maana aliyekataa amekuwepo, amesikiliza, amepima, na amesema. Waliotengeneza PostgreSQL, hifadhidata nyingine inayotumika sana, walifika mbali zaidi katika unyofu huu: amri yao ya kuulizia uhai, pg_isready, haihitaji hata jina wala nywila iliyo sahihi, na majibu yake ni manne, yaani seva inapokea wageni, seva inawakataa kama inavyofanya wakati wa kuamka, seva haikujibu, na la nne, kwamba hakuna jaribio lililofanyika kabisa, kwa mfano kwa sababu muulizaji alipewa maelekezo yasiyo sahihi. Jibu hili la nne ni nadra katika vinywa vya watu. Shahidi anayeweza kusema kwamba hakuona kwa sababu hakutazama ni shahidi mwenye thamani kubwa mahakamani na kwingineko.

Wanafalsafa wa Kihindi wa madhehebu ya Mimamsa, hasa wafuasi wa Kumarila Bhatta aliyeishi karibu na karne ya 7, walikubali kwamba kutoonekana kwa kitu kwaweza kuwa njia halali ya kujua kwamba hakipo, lakini waliliwekea jambo hilo sharti: lazima kitu hicho kiwe ni cha namna ambayo, kama kingekuwepo, kingeonekana katika mazingira hayo. Mtu aliye katika chumba chenye mwanga ana haki ya kusema kwamba hamna chungu mezani. Aliye gizani hana haki hiyo. Wanazuoni wa Kiislamu nao walikuwa na kanuni iliyo jirani, kwamba kutokipata kitu si dalili ya kutokuwepo kwake. Kwa vipimo hivi, mlinzi mwenye nywila iliyopitwa na wakati yuko gizani, na kutoona kwake hakumpi haki ya kusema lolote juu ya kilicho mezani.

Elimu hii haihitaji kuvushwa bahari ili ifike Makongeni, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli katika upande wa mashariki wa Nairobi uitwao Eastlands, ambao jina lake linabeba kumbukumbu ya makonge, na ambao majirani zake ni Kaloleni na Mbotela. Mkazi wa hapo anayekuta chumba chake kimeingia giza ghafla hakimbilii kutangaza kwamba stima imepotea. Kwanza huchungulia dirisha la jirani. Mita za umeme wa kulipia kabla hufunguliwa kwa tokeni, ambayo ni namba ya tarakimu 20 inayonunuliwa na kubonyezwa katika mita, na kwa hiyo giza la chumba kimoja laweza kuwa la tokeni iliyokwisha, la fyuzi iliyoungua, au la mtaa mzima. Taa ikiwaka kwa jirani, mkazi anajua kwamba umeme upo na kwamba tatizo liko upande wake. Mita inapoikataa namba iliyokosewa tarakimu moja, hakuna anayedhani kwamba bwawa la kuzalisha umeme limekauka. Dirisha la jirani ni shahidi wa pili, sawa na yule aliyedaiwa na Umar, na sawa na wale wawili au watatu ambao Torati inawataka katika sura ya 19 ya Kumbukumbu la Torati ili neno lithibitike; na fundi anayejaribu kuingia katika hifadhidata kwa njia nyingine kabla ya kuamini tahadhari iliyomwamsha anafanya kile anachofanya mkazi wa Makongeni dirishani.

Swali la pili, ambalo ni gumu zaidi, ni la utambulisho. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Jabir bin Abdillahi alibisha mlango wa Mtume kuhusu deni la baba yake, akaulizwa ni nani, akajibu kwamba ni yeye, na Mtume akalirudia neno hilo la «mimi» kwa namna iliyoonyesha kutolipenda. Sababu iko wazi: kila abishaye hodi ni «mimi» kwa nafsi yake, na neno hilo halimtofautishi na yeyote. Hifadhidata haikubali «mimi». MySQL haikubali hata jina peke yake, kwa kuwa kwake mtumiaji ni jina pamoja na mahali anapotokea, kiasi kwamba jina moja lililosajiliwa kuingia kutoka ndani ya seva yenyewe na jina hilohilo linalokuja kutoka kompyuta nyingine ni watu wawili, wanaoweza kuwa na nywila mbili na haki mbili tofauti. Chanzo kimojawapo cha kawaida cha mlinzi kukataliwa ni hiki: alisajiliwa kama mwenyeji, akahamishiwa kompyuta nyingine, na sasa anabisha kama mgeni kwa neno lilelile. Watu wa mitaa ya Eastlands hawatashangazwa na utaratibu huo, kwani nao humtambulisha mtu kwa jina na mtaa wake kwa pamoja, na wa Makongeni mwenye jina lile si wa Kaloleni mwenye jina lilelile.

Historia ya reli, iliyoujenga mtaa huu, inaonyesha pande mbili za kutambulishwa kwa kitu badala ya neno. Katika reli za njia moja zilizofuata desturi ya Kiingereza, usalama ulikuja kutegemea tokeni, kifaa ambacho dereva hukabidhiwa mkononi kabla ya kuingia katika kipande cha njia, na mtambo uliobuniwa na Edward Tyer mwaka 1878 ulihakikisha kwamba haiwezekani kutolewa tokeni mbili za kipande kimoja kwa wakati mmoja. Mtambo huo ulifuatia ajali ya Thorpe, karibu na Norwich nchini Uingereza, ambako mwaka 1874 ruhusa zilizotolewa kwa ujumbe wa simu za maandishi zilizielekeza treni mbili zikabiliane katika njia moja, na watu 25 wakafa. Neno halina mwili, na laweza kuwa kwa wawili bila yeyote kati yao kujua. Kwa sababu hiyohiyo nywila inapobadilishwa, anayeibadilisha hawezi kuona ni mikono mingapi ingali imeshika ile ya zamani. Lakini kitu chenye mwili nacho kilipata sura ya dhuluma katika Kenya ya kikoloni, ambako sheria ya usajili ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba kipande, yaani cheti chenye alama za vidole na rekodi ya kazi, kilichowekwa ndani ya kikasha cha chuma na kuvaliwa shingoni. Harry Thuku aliwaongoza watu kukipinga, akakamatwa Machi 1922, na umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe ukapigwa risasi. Tokeni ya reli humlinda anayeibeba. Kipande kilimlinda aliyekidai. Kila utaratibu wa kutambulisha unapaswa kuulizwa unamtumikia nani, na kwa mlinzi wa seva jibu lenye heshima ni kwamba hati zake ziwatumikie wale ambao kumbukumbu zao zimo ndani.

Hapo ndipo kishawishi kikubwa cha kazi hii kinapomngoja fundi aliyechoka. Baada ya kujaribu mara kadhaa na kukataliwa, humjia wazo la kumpa mlinzi jina na nywila ya mtumiaji mkuu, ambaye hafungiwi mlango wowote, na kweli tahadhari hunyamaza papo hapo. Jerome Saltzer na Michael Schroeder, katika makala yao ya mwaka 1975 juu ya kulinda habari ndani ya kompyuta, waliweka kanuni ya haki ndogo kabisa, kwamba kila programu na kila mtumiaji apewe uwezo unaotosha kazi yake na usiozidi. Hoja yao ilikuwa ya kupunguza madhara ya ajali na makosa, na inatosha. Lakini dini zina hoja ya ndani zaidi. Inasimuliwa, na mwanazuoni Ghazali ni miongoni mwa waliosimulia, kwamba Umar aliruka ukuta wa nyumba usiku akamkuta mtu katika maasi, na mtu huyo akamjibu kwamba yeye alikosa mara moja ilhali khalifa amekosa mara tatu, kwa kupeleleza, kwa kuingia pasipo mlango, na kwa kuingia bila ruhusa wala salamu, Umar akamwacha. Nia njema ya mlinzi haikumhalalishia kuona kila kitu. Soja wa usiku, kama Nairobi inavyomwita mlinzi wa lango, anatakiwa kujua kama mlango umevunjwa na kama moshi unatoka dirishani, naye hutimiza hayo bila kushika funguo za vyumba vya watu.

Kwa MySQL, Zabbix inapendekeza mlinzi apewe haki chache tu, kama kuona orodha ya hifadhidata, kuona shughuli zinazoendelea, na kuona hali ya unakili wa kumbukumbu kutoka seva moja hadi nyingine. PostgreSQL tangu toleo la 10, la mwaka 2017, ina wadhifa maalumu uliotengwa kwa ajili ya ufuatiliaji. Hata hivyo si haki kudai kwamba mipaka hiyo inamfanya mlinzi asijue kitu, kwa maana anayeruhusiwa kuona shughuli zinazoendelea huyaona pia maneno ya maswali ambayo wengine wanaiuliza hifadhidata wakati huo, na ndani ya swali mnaweza kuwa na jina la mgonjwa au namba ya mwanachama. Soja husikia mazungumzo yanayopita dirishani hata asipotega sikio. Kwa hiyo alichokabidhiwa ni amana, na sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 haijaondoa haja ya neno hilo. Imelitafsiri tu kwa lugha ya mahakama.

Linabaki suala la kumchunguza shahidi mwenyewe, ambalo kwa utaratibu wa haki lilipaswa kutangulia. Harith al-Muhasibi, aliyezaliwa Basra na kufariki Baghdad mwaka 857, alipata lakabu yake kutokana na muhasaba, yaani desturi ya mtu kuihesabia nafsi yake kabla ya kuwahesabia wengine, na hakuna kazi inayoihitaji desturi hiyo kuliko hii. Zabbix yenyewe huweka kumbukumbu zake zote ndani ya hifadhidata, na nywila ya hifadhidata hiyo huandikwa katika faili mbili tofauti, moja ya injini inayokusanya taarifa na nyingine ya uso wa programu unaotazamwa na watu. Nywila ikibadilishwa katika hifadhidata na kurekebishwa katika faili moja tu, uso waweza kuendelea kuonyesha habari za jana huku injini ikishindwa kuingia katika kumbukumbu zake mwenyewe. Injini pia husoma faili yake wakati wa kuamka tu, kwa hiyo hata sahihisho lililo kamili halina faida mpaka iwashwe upya. Mara nyingine kosa ni nafasi tupu iliyonaswa mwishoni mwa neno wakati wa kunakili, au alama ya dola ambayo mfumo wa kupokea amri umeisoma kuwa mwanzo wa kitu kingine. Mara nyingine ni agizo la ofisi kwamba nywila zote zibadilishwe kila baada ya siku kadhaa, desturi ambayo taasisi ya viwango ya Marekani ilishauri mwaka 2017 iachwe pasipo na dalili kwamba siri imevuja. Njia ya uhakika ya kupima ni fundi kujiweka mahali pa mlinzi, katika kompyuta ileile, kwa jina lilelile, na kubisha kwa mkono wake, kwa sababu anayejaribu kutoka kwingine kwa jina la mkubwa anapima mlango mwingine.

Na hata akijiweka hapo, hataambiwa yote. PostgreSQL humpa abishaye kwa nywila ujumbe uleule, kwamba uthibitisho wa nywila umeshindikana, awe amekosea neno au awe ametaja jina ambalo halipo kabisa, ili mgeni mwenye nia mbaya asiweze kujifunza mlangoni ni akina nani wanaoishi ndani. Immanuel Kant aliandika mwaka 1797 juu ya muuaji anayefika mlangoni na kuuliza iwapo rafiki wa mwenye nyumba yumo, akashikilia kwamba hata hapo uongo ni haramu kwa mtu asiyeweza kukwepa kujibu ndiyo au la, na msimamo huo umewatesa wasomaji wake tangu wakati huo. Seva haikujibu ndiyo wala la. Ilichosema ni kweli kwa kila abishaye, kwani jina na neno lake havikupatana, na ilichonyamazia si haki ya mgeni kukijua. Lakini haikumficha mwenye nyumba: sababu kamili huandikwa ndani, katika daftari la matukio ambalo seva hulitunza kwa ajili ya wanaoihudumia, likiwa na saa na dakika ya kila hodi. Fundi ambaye amekesha upande wa nje akiibadilisha nywila, akiikagua herufi kwa herufi na kuwasha upya kila kinachowashika, hana budi kuingia kwa mlango wake halali, kulifungua daftari hilo, na kusoma kwamba tatizo halikuwa nywila, na kwamba jina ambalo mlinzi amekuwa akibishia hodi usiku kucha halijasajiliwa katika seva hiyo.